Karafuu Katika Sabuni Mbichi

Makorora, Tanga
12 Juni 1955

Bibi Mwanaasha,

Shikamoo. Huku hatujambo, mimi na mume wangu Massoud, na natumai wewe na mjomba Shekhe na wote wa nyumbani Kigombe mko wazima. Masika yametuachia matope mpaka kizingitini. Idi ilipita salama. Nilikuletea salamu za Idi kwa mkono wa mjomba; kama zilikufika, sikusikia.

Sikuandika kwa kutafuta maneno. Nina swali moja la kazi. Napika sabuni ya mafuta ya nazi hapa nyumbani, majirani wananunua, na mwenye duka mmoja wa Mabawa ameniambia nikimletea sabuni nzuri yenye harufu ataichukua kila mwezi. Kazi ya Massoud bandarini siku hizi ipo leo, kesho haipo, kwa hiyo nataka sabuni hii isimame. Natumia magadi makali ya dukani, yale ya kopo, si maji ya majivu kama yako. Sabuni tupu inatoka vizuri. Lakini nikitia mafuta ya karafuu, aliyoniletea mama mkwe kutoka Pemba, sijawahi hata kuimimina kwenye kasha, inashikana chunguni mabonge mabonge kama ugali uliomshinda mpishi. Ikikauka, nikiikata inavunjika, na ndani ina chenga kama mchanga.

Wewe ulikuwa unapika sabuni kabla mama hajazaliwa. Niambie nakosea wapi. Jibu fupi litanitosha.

Mjukuu wako,
Mwatima


Kigombe
Mfungo Pili, siku ya kumi

Kwa Mwatima, mke mwenzangu aliyenikimbia,

Marahaba. Huku tuzima. Mjomba wako Shekhe kaumwa jino, shavu limevimba, hawezi kusema, nyumba imepata utulivu. Yule mbuzi mweupe kazaa pacha, mmoja kafa. Paa la jikoni linavuja palepale linapovuja siku zote. Hizo ndizo habari za nyumbani, kama bado unakuita nyumbani.

Sasa tuje kwako. Nani kakutuma uniandikie kwa herufi za Kizungu? Wajua mimi nasoma za chuoni tu, za Kiarabu, zilezile nilizokufundisha mwenyewe hapa barazani, bakora mkononi. Ikabidi barua yako niipeleke kwa Tadeo, karani wa shamba la mkonge. Tadeo ana sauti ya kuita watu kazini. Akaisoma yote mbele ya wanawake waliokuja kuuza mayai. Sasa Kigombe nzima yajua sabuni ya mjukuu wa Mwanaasha binti Ame imekuwa ugali. Mmoja kaniuliza kama italiwa kwa mchuzi au kwa maziwa.

Wataka jibu fupi. Toa karafuu.

Jibu ndilo hilo. Sabuni mbichi ni kama mtoto aliyelala, na karafuu ni kali, ukimmwagia anashtuka na kukakamaa. Hapo huwezi tena kumnyoosha. Harufu nyingine husubiri, hii haisubiri. Namna ya kuitia na isigande ipo, naijua, lakini siandiki. Jambo linalotaka jicho na mkono haliandikwi. Njoo ukae mbele ya chungu changu nikuonyeshe. Na kabla hujakaa, uniombe radhi kwa kuondoka siku ya harusi yako bila kunipa mkono.

Najua kilichokuondoa. Nilisema mjukuu wangu kaolewa na gunia la karafuu. Ndiyo, nilisema. Pilau nilipika mimi, na mdomo ulikuwa wangu. Watu walicheka, nawe ungecheka yangekwisha.

Kopo lako la magadi ulitupe.

Bibi yako


Makorora
18 Julai 1955

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi za chuoni ili Tadeo apumzike. Pole kwa jino la mjomba. Pole kwa mbuzi.

Jibu lako limefika na nimelielewa. "Toa karafuu." Nilijua utasema hivyo hata kabla sijafungua bahasha, maana tangu siku ile hujasema lingine. Sabuni ingeharibika kwa mvua ungesema karafuu. Chungu kingepasuka ungesema karafuu. Mama mkwe aliniletea chupa ile kwa mikono miwili, kaifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, na wewe wataka niimwage mtaroni.

Kwa hiyo nilitia maradufu. Iliganda mpaka mwiko ukasimama wima peke yake. Nimekwambia mwenyewe usije ukaambiwa na watu ukafurahi.

Kuhusu radhi: siku ile watu walicheka, ni kweli. Massoud naye alicheka, kwa sababu alikuwa mgeni na wewe ni mkubwa. Alipofika nyumbani alikwenda kisimani akaoga, akarudi akaoga tena. Kazi yake ya Pemba ilikuwa kuanika karafuu za baba yake, sasa hawezi kuikoga harufu ya kwao ikamtoka. Siku utakayomtaka radhi yeye, ndiyo siku nitakayokuja kukaa mbele ya chungu chako.

Mwatima


Kigombe
Mfungo Tatu, siku ya ishirini na tano

Kwa Mwatima,

Marahaba. Idi Kubwa imepita, tumechinja, nyama niliituma kwa mkono wa Shekhe na najua uliipokea kwa sababu bakuli limerudi. Limerudi limeoshwa, halina kitu. Mimi sikukulea urudishe bakuli tupu. Hata ndimu mbili zingetosha.

Shekhe kaniletea kipande cha sabuni yako. Asema hukumpa, kakiokota kando ya pipa la maji. Mwizi kamwibia mwizi, maana mwiko huo uliosimama wima ni wangu, niliutafuta mwezi mzima baada ya harusi.

Nimekionja. Usishangae, sabuni huonjwa kwa ncha ya ulimi, ulikuwa unaniona tangu ukitambaa. Imeniuma kama siafu. Magadi yamezidi mafuta. Juu ina unga mweupe, ndani ina chenga, pembeni inatoa jasho. Ngozi ya mkulima wa mkonge itachubuka kwa sabuni hii, ya mtoto mchanga nisiseme. Punguza magadi. Mafuta uyachemshe mpaka yaache kuimba, maana yakiimba yana maji, na yenye maji huoza ndani ya sabuni yakanuka uvundo. Hayo nimekupa bure, kwa sababu sitaki mtu achubuke akataja jina langu.

Karafuu, neno langu ni lilelile. Na radhi, mimi ni mtu mzima. Mtu mzima haombi radhi kwa mzaha alioufanya kwenye harusi ya mjukuu wake. Utani ni haki yangu kwako na kwa huyo wako. Asiyeujua utani wa bibi arudi kwao akafundishwe.

Mwiko wangu uurudishe.

Bibi


Makorora
3 Septemba 1955

Bibi,

Shikamoo. Barua hii inakuja kwa mkono wa jirani yangu Bertha, mke wa Luka. Ni Mshambaa, Mlutheri, anakwenda kuwaona ndugu zake kambini kwenye mkonge na gari atakalopanda litapita hapo. Mpe maji. Mwiko nimempa. Na ndimu, sita, usije ukasema.

Nimepunguza magadi. Mafuta nimeyachemsha mpaka yakanyamaza. Ulisema kweli: sabuni sasa ni laini, haina chenga, haitoi jasho, haiumi ulimi. Karafuu sijatia, si kwa kukutii, nimeichoka tu. Mwenye duka kaichukua hivyohivyo.

Lakini inanuka. Nimeipika mara tatu, na mara tatu inanuka. Ni uvundo mzito, unaniingia puani unakaa. Nimesugua chungu kwa majivu na ndimu. Nimebadilisha mafuta, nikaenda kununua nazi mwenyewe na kukuna mwenyewe. Kasha nimelianika juani. Bertha anasema hasikii kitu. Massoud hasikii kitu. Mwenye duka kanusa, kanitazama kama mwehu. Mimi nikifungua mlango wa chumba zilimoanikwa natoka mbio. Na uvundo umehama sasa, uko kwenye mto, uko kwenye mashati ya Massoud nikiyafua na hata yakishakauka. Nimemwambia alale barazani mpaka nijue chanzo chake. Bertha amekuchukulia kipande kimoja. Kinuse uniambie ni nini.

Na jambo jingine, la kuuliza tu. Mtu akitaka sabuni isiyo na harufu yoyote, laini kabisa, ya ngozi isiyovumilia kitu, anaipikaje? Magadi ya kopo yanafaa, au lazima majivu? Kuna mtu kaniuliza.

Mwatima


Kigombe
Mfungo Nne, siku ya ishirini

Kwa Mwatima,

Marahaba. Sina habari za mbuzi leo.

Bertha kafika. Nilitaka nimchukie, sikuweza, kala mihogo yangu na samaki wote na kasema kwao milimani hawajui kupika papa. Ndimu nimeziona. Moja imeoza.

Nikamnusisha sabuni yako. Nikamwambia, "Wewe binti, wasikia nini hapo?"

Akasema, "Nasikia nazi, bibi."

"Nazi mbovu?"

"Nazi nzima. Sabuni nzuri. Mimi mwenyewe naogea."

Nikainusa mimi. Nikaikata katikati nikainusa ndani. Nikaipaka maji nikaisugua, nikanusa povu. Nikamwita Shekhe, yule pua yake hujua samaki wa jana akiwa njiani kutoka pwani. Kanusa, kasema, "Mama, hii ni sabuni." Nikaionja. Haina kosa. Nakwambia kwa shingo upande: haina kosa.

Nikamuuliza Bertha, "Huyo rafiki yako anakula?" Akatazama chini. Nikamuuliza, "Chai je?" Akasema, "Bibi, mimi nimeleta mwiko tu." Nikajua kaapishwa.

Sasa nisikilize, mjinga wewe. Sabuni inayonuka hunuka kwa kila mtu. Inayonuka kwa mtu mmoja, akakimbia chumba, akafukuza mto, akamfukuza mume na mashati yake safi, hiyo haitafutwi chunguni. Mama yako alipokuwa na wewe tumboni hakuweza kupita karibu na jiko la baba yako la kuchoma kahawa. Alilia akasema kahawa imeoza. Kahawa haikuoza. Wewe ndiye uliyekuwa unaiozesha.

Nilicheka, Mwatima. Nilicheka mpaka Shekhe akaja kuniangalia. Nilisema mimi kuwa gunia la karafuu linanuka, ukagombana nami, ukahama, ukaandika barua za kunitukana kwa adabu. Leo wewe mwenyewe umelitoa gunia ukaliweka barazani!

Na huyo "mtu aliyeniuliza" anayetaka sabuni ya ngozi isiyovumilia kitu, mwambie nimemjua.

Mimba ya kwanza huzaliwa kwao. Mama yako hayupo, kwenu ni hapa. Wa kukukanda ni mimi, wa kukuogesha siku arobaini ni mimi, na wa kumwosha mtoto ni mimi. Nilimwosha mama yako, nikakuosha wewe. Funga nguo zako uje kabla tumbo halijawa zito kwa barabara ya Pangani. Uje peke yako.

Bibi


Kigombe
Mfungo Tano, siku ya ishirini na saba

Kwa Mwatima,

Hujajibu. Nilimuuliza Shekhe kama umekufa, kaniambia, "Muulize mwenyewe." Nakuuliza mwenyewe.

Majivu ya makumbi ya nazi nimeanza kuyakusanya. Si kwa ajili yako. Ni kazi yangu ya siku zote.

Bibi


Makorora
2 Novemba 1955

Bibi,

Shikamoo. Sijafa. Nilikuwa nimekasirika, na nikiwa nimekasirika herufi za chuoni hunipinda mkononi.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utacheka. Na ulicheka. Watu wengine wakipata habari kama hii huomba dua kwanza.

Ndiyo. Kwa barua sitasema zaidi ya hilo: ndiyo.

Kuja peke yangu siji. Mtoto huyu ana baba, na baba ana jina. Nimezisoma barua zako zote upya, zote ninazo, nikatafuta mahali ulipomwandika jina. Umemwandika Tadeo. Umemwandika Bertha uliyemwona siku moja. Mbuzi umempa mstari mzima. Yeye ni "gunia", ni "huyo wako". Amelala barazani tangu mwisho wa Agosti, kwenye mkeka, mbu wanamla, na asubuhi anachota maji, anajaza pipa, anaondoka upande wa chini wa upepo ili nisimsikie harufu. Akirudi anauliza kutoka nje, "Leo umekula?" Kama kwenu mnaye mwingine anayefanya hivyo, nitajie.

Nitazaa hapa. Bertha kasema atanikanda. Yeye ana watoto wake na mikono yake haina maneno. Na mama mkwe ameandika kuwa atakuja kutoka Pemba kuniogesha siku arobaini, nitake nisitake. Ataleta sabuni yake.

Sikuombi kitu.

Mwatima


Kigombe
Mfungo Saba, siku ya pili

Kwa Massoud, Makorora,

Salaam aleikum. Mimi ni Mwanaasha binti Ame, bibi yake mkeo. Barua hii ni yako. Mwatima asipoipenda asiisome, ingawa najua kishakunyang'anya.

Massoud, mkeo amesema sijapata kuliandika jina lako. Nimeliandika mara mbili sasa, asije akasema nimelisahau. Massoud. Tatu.

Kwanza, kulala barazani kwenye mbu ni ujinga. Mtu hawi mume mwema kwa kuumwa na homa. Chukua mashati yako uyafukize udi, ulale chumba cha pili, na asubuhi ukae mbali naye mpaka tumbo litulie. Hutulia. Babu yake Mwatima alikuwa mvuvi wa papa, na nilizaa naye saba. Hakuna aliyenisikitikia.

Pili, mwandikie mama yako Pemba. Mwambie nimemsalimu sana, na asijisumbue na safari. Akija awe mgeni, akae kitandani aletewe chai. Mtu wa kumwogesha mjukuu wangu yupo, hajafa, na hakuacha kazi yake kwa mtu. Bertha naye mwambie mikono isiyo na maneno ni ya kufulia, ya kukanda mzazi hutaka maneno.

Tatu, mwezi wa Mfungo Nane ukiandama, uje Kigombe unichukue. Uje wewe, si Shekhe. Siji na mzigo wangu kwa basi kama muuza kuku. Uje, uingie ndani mlango wa mbele, ule, kisha ubebe chungu changu cha sabuni, ni kizito na hakijatoka nyumba hii tangu nilipoolewa. Ukikivunja, rudi kwenu Pemba kwa miguu.

Usidhani nimekuomba radhi. Siombi. Ulicheka siku ile, nilikuona, na sikuona kama kicheko hakikufika machoni. Basi.

Sasa sabuni. Nimepika mbili. Moja ya majivu matupu, chumvi kidogo ya kuikaza, haina harufu hata ya nazi. Hiyo ni ya mtoto. Ya pili ni ya mama yake, ya siku arobaini. Mwambie Mwatima afungue masikio, maana hili nilisema siandiki, na naliandika kwa sababu mkono wangu siku hizi hutetemeka na siwezi kungoja mtu amalize kununa. Karafuu haitiwi sabuni ikiwa mbichi. Iache iive mpaka mwisho, iwe imekubali, uidondoshe ulimini ikose kuuma. Toa moto. Iache ipoe mpaka uweze kushika chungu kwa kiganja. Ndipo uchukue mafuta ya karafuu kiasi cha kulowesha ncha ya kidole, uyachanganye kwanza na mafuta ya nazi kijiko, uyamimine polepole pembeni, ukoroge upande mmoja, usikoroge kwa hasira. Haitaganda. Yangu haikuganda.

Ndiyo, nimetia karafuu. Ni ile chupa ya mama yako. Bertha aliniletea kidogo ndani ya kichupa pamoja na mwiko, akasema Massoud ndiye aliyempa, kimya kimya, Mwatima asijue. Imekaa dirishani kwangu muda wote huu. Nilikuwa nikiipita nikiitukana.

Sabuni hiyo ni laini kama siagi, haina chenga. Niliionja. Usimpe ainuse mpaka azae.

Ni mimi,
Bibi yenu